Hati ya Kushindwa

Siku niliyoolewa, baada ya viapo na pete, mchungaji alituita mimi na mume wangu pamoja na wasimamizi wetu kwenye chumba kidogo cha nyuma wanamovalia majoho. Huku nje kwaya ilikuwa inaendelea kuimba. Akafungua kitabu kikubwa chenye nembo ya taifa, akatuonyesha mahali pa kutia sahihi, akasema kwa utani, "Hapa sasa mnaongea na msajili wa serikali. Mchungaji nimemwacha kule madhabahuni." Tukacheka sote. Shela langu lilinasa kwenye kona ya meza, mume wangu akainama kulinasua taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba mguuni.

Naanzia hapo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimpenda. Na kanisa nililipenda hata kabla yake. Mama yangu alibatizwa akiwa mtu mzima, kijijini kwetu mbele ya Bahi, akabeba maji kichwani ya kufyatulia matofali ya kanisa. Mimi nilijifunzia kusoma kwenye madarasa ya Jumapili kabla sijaanza shule, na nilipofaulu kwenda chuo cha ualimu, ada ya mwanzo ilitoka kwenye sadaka ya mavuno: mtama na uwele vilivyopimwa kwa debe mbele ya madhabahu. Sikuwahi kuwaza kwamba kanisa ni kitu kilicho nje yangu, kitu ninachoweza kukisema vibaya.

Tulipanga nyumba Area D. Mimi nilifundisha shule ya msingi upande wa Zuzu, yeye alikuwa dereva wa ofisi moja kule Mtumba. Jumamosi na Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya. Watu walimpenda sana. Alikuwa na sauti nzuri isiyo na makuu, na alikuwa mvumilivu kwa waimbaji wasiojua kusoma nota. Angemwimbia mama mzee mstari mmoja mara ishirini bila kukunja uso.

Mara ya kwanza kunipiga ilitokana na wimbo. Tulikuwa mazoezini, nikamwambia mbele ya wanakwaya kwamba ameuanzisha juu mno, akina mama wataishiwa pumzi kwenye kiitikio. Akasema, "Asante, Mwalimu," akaushusha. Wote waliona amefurahi. Tulipofika nyumbani alifunga mlango, akaniambia nisimame vizuri, akanipiga kofi la sikio.

Hakuwa mtu wa ngumi wala fimbo. Lilikuwa kofi tu, kwa kiganja kilichokunjuliwa chote, daima upande mmoja, sikio la kushoto. Kilemba kilifunika kila kitu. Miaka ikaenda hivyo, binti yetu akazaliwa, akaanza shule, na mimi nikazoea kukaa mazoezini nikiwa nimegeuza kichwa kidogo ili nisikie sauti ya pili inaimba nini. Darasani watoto wa safu za kushoto walianza kulalamika kwamba siwachagui. Nilikuwa siwasikii.

Siku sikio lilipotoa damu nilikwenda polisi kuchukua PF3, maana bila ile fomu hospitali isingenihudumia. Askari wa kike kwenye dawati la jinsia alinijazia vizuri, akanipa kiti, akaniuliza kama nimekula. Lakini mkubwa wake alipopita na kusikia kwamba ni mume na mke, aliuliza swali moja tu.

"Ndoa mlifungia wapi?"

"Kanisani."

"Basi anzieni huko. Wale wana baraza, linatambulika kisheria. Huku ukifungua kesi utamfunga baba wa mtoto wako, halafu kesho urudi kulia tumtoe."

Daktari alinimulika sikio, akasema ngoma imepasuka na ilikuwa imeshawahi kupasuka, akaniuliza mara ngapi.

Baraza la usuluhishi la kanisa lilikaa ofisini kwa mchungaji. Walikuwa watatu: mchungaji mwenyewe, mzee wa kanisa mmoja ambaye sikumbuki kama aliwahi kufungua mdomo, na mama mmoja kiongozi wa umoja wa akina mama, mtu aliyenifundisha katekisimu nikiwa msichana wa chuo. Nilimwamkia kila mmoja shikamoo. Kiti nilichopewa kilimweka mchungaji upande wangu wa kushoto, nikaomba kuhama. Mume wangu akawaambia kwa upole, "Hasikii vizuri upande huo," kama vile anaeleza ugonjwa niliozaliwa nao.

Niliwaeleza kila kitu. Sijui nilipata wapi nguvu. Nilipomaliza, mchungaji alimgeukia.

"Ni kweli, bwana?"

"Ni kweli, baba mchungaji. Shetani ananipitia." Akaanza kulia. Alilia kweli, mabega yakimtetemeka, na mpaka leo sisemi kwamba yalikuwa machozi ya uongo.

Yule mama akanishika goti. "Umeona, mwanangu? Mwanaume amelia mbele ya watu. Wengi wetu tunakwenda kaburini hatujaliona hilo."

"Nimeona, mama."

"Sasa na wewe, huna la kutubu? Hata dogo? Mdomo? Kumjibu mbele ya watu?"

Nikakumbuka ule wimbo. Nikasema ndiyo, niliwahi kumsahihisha mbele ya kwaya. Nikajisikia nikisema hivyo, kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa na chaki ya shule, na mchungaji akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta. Tukashikishwa mikono. Wakatuombea. Mchungaji akasema, "Tumekuja kujenga, hatukuja kubomoa," akatupa siku ya kurudi.

Hatukufika hiyo siku. Wiki ileile alinipiga tena, kwa sababu nilikuwa nimempeleka mbele ya wazee kama mwizi. Nikachukua nguo zangu na za binti yangu, nikapanga chumba Zuzu karibu na shule.

Nilidhani kwamba kuondoka ndiyo kazi ngumu. Nilikwenda mahakama ya mwanzo, nikakaa kwenye benchi na watu wa madai ya mbuzi na mipaka ya viwanja, zamu yangu ikafika, karani akaniuliza iko wapi hati ya baraza.

"Hati gani?"

"Ya kwamba wamewasuluhisha wakashindwa. Bila hiyo hatupokei talaka. Sheria ndivyo inavyosema, dada, siyo mimi."

Nikarudi kwa mchungaji, nikamwomba hati. Akasema baraza bado linaendelea na kazi yake, tusikate tamaa mapema, turudi wote wawili. Nikaenda kata, maana nilisikia kata nayo ina baraza. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, mtu mwema, kisha akauliza kama mume wangu naye ni muumini wa kanisa lilelile.

"Ni mwalimu wa kwaya."

"Basi nyie ni watu wa jumuiya moja, na jumuiya yenu ina baraza lake. Nikiwasikiliza mimi, mahakama itasema nimejichukulia kazi isiyo yangu. Rudi kanisani, Mwalimu."

Nilirudi kanisani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kuna wakati mchungaji alikuwa kwenye semina, kuna wakati mume wangu alikuwa safarini na bosi wake, kuna wakati walifika wote na tukaombewa tena. Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Alinipeleka yeye mwenyewe na gari lake kwa daktari wa masikio, akaniletea gunia la mahindi mwaka ambao mvua ilikatika mapema na bei ikapanda. Alinipa kila kitu isipokuwa kile nilichomwomba.

Mama yangu aliposikia, alikuja kutoka kijijini bila kuniarifu. Alikuja akiwa amevaa ile sare ya umoja wa akina mama, imepauka lakini imepigwa pasi. Tukaenda pamoja. Kiswahili chake si cha kujivunia, na alipokuwa na jambo zito alihamia Kigogo. Yule mama wa baraza akawa anatafsiri.

"Anasema mahari ilikuwa ng'ombe," alitafsiri, "na wale ng'ombe wote walikufa kwa ukame. Anasema kama kanisa linaogopa kwamba upande ule utadai mahari, yeye atauza shamba."

"Mwambieni hatuogopi mahari," mchungaji alisema.

Mama akasema tena, kwa kirefu. Yule mama wa baraza akasita kabla ya kutafsiri.

"Anasema alimleta huyu mtoto hapa akiwa na masikio mawili."

Kisha mama yangu akapiga magoti. Hakuwa anaigiza, wala hakutaka kumwaibisha mtu. Kwetu ukiwa na shida kubwa kuliko wewe unapiga magoti. Akamshika mchungaji viatu. Mchungaji akaruka kama aliyeguswa na moto, akasema, "Inuka, mama, inuka, usinifanyie hivi," na macho yake yalikuwa yamejaa. Nilimwinua mama yangu mimi. Alikuwa mwepesi sana. Mchungaji akasema atafunga kwa ajili yetu.

Jumapili iliyofuata, kwenye matangazo, kati ya mazoezi ya vijana na michango ya ukumbi mpya, jina langu lilisomwa. Nimewekwa chini ya nidhamu ya kanisa kwa kosa la kuhama nyumba ya ndoa bila idhini, sitashiriki meza ya Bwana mpaka nitakaporejea. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Watu wa mbele hawakugeuka, na kwa kuwa hawakugeuka nilijua kwamba wote wamesikia. Binti yangu aliniuliza, "Mama, nidhamu si ni kwa watoto?" Nilimwambia anyamaze.

Sikuacha kwenda. Watu wengine wangeacha, mimi sikujua pa kwenda siku ya Jumapili zaidi ya pale. Wenzangu walipoinuka kwenda mezani, mimi nilibaki kwenye benchi na watoto wadogo na wale wasiobatizwa.

Ikaja siku ya harambee ya ule ukumbi. Mgeni rasmi alikuwa kiongozi wa serikali, alikuja na magari yenye viyoyozi na vijana wenye miwani nyeusi. Kwaya ilimpokea kwa wimbo ambao mume wangu alikuwa ameutunga, nami nakiri kwamba ulikuwa mzuri. Mgeni akasimama, akasema, "Mbukwenyi!" watu wakamwitikia kwa kelele, maana wageni wote hujifunza salamu hiyo moja ya Kigogo. Akasema serikali haina dini, lakini watu wake wana dini, na kwamba serikali inalitegemea kanisa kuliko kanisa linavyojua. "Nyinyi mnatulelea raia," alisema. "Mkizitunza ndoa zenu vizuri, mahakama zetu zitakosa kazi." Watu wakapiga makofi. Mchungaji aliinamisha kichwa. Mgeni akaomba kumpongeza mwalimu wa kwaya kwa mkono, mume wangu akapanda jukwaani, akashikwa mkono, akapigwa picha. Aliposhuka alipita karibu na benchi langu akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote, "Rudi nyumbani."

Nilitoka nje, nikakaa kwenye ukingo wa maua. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani: ningefia wapi? Sikuwaza kujiua. Niliwaza siku nikifa nani atanizika, na jina gani litaandikwa juu ya msalaba. Litakuwa jina lake. Nitalala chini ya jina lake.

Baada ya hapo mume wangu alimchukua mtoto. Alimfuata shuleni mchana, mwalimu wa zamu akamruhusu kwa sababu ni baba na anajulikana, akampeleka Manyoni kwa dada yake. Nilikwenda polisi. Wakaniuliza kama kuna amri ya mahakama kuhusu mtoto. Nikasema hakuna, kwa sababu hakuna talaka. Kwa nini hakuna talaka? Kwa sababu hakuna hati. Askari aliniangalia kama mtu anayesikiliza habari ya nchi nyingine.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mchungaji, sikubisha hodi, nikakaa sakafuni ofisini kwake.

"Mchungaji, naomba uandike kwamba mmeshindwa."

"Kaa kwenye kiti, Mwalimu."

"Nimekaa. Andika."

Alikuwa amezeeka tangu siku ya harusi yangu, shavu moja limeanza kulegea. "Siwezi kuandika hivyo," alisema. "Kanisa halishindwi. Nikitia sahihi kwamba Mungu aliwaunganisha na mimi nimeshindwa kuwashikilia, Jumamosi nitasimamaje kufungisha ndoa nyingine? Nina ndoa tatu Jumamosi."

"Serikali haikuulizi habari za Mungu. Inakuuliza kama mimi na yule tumepatana. Tumepatana?"

"Hapana."

"Basi andika hapana."

"Mkono ninaoandikia ni mmoja," alisema. "Sina mkono wa Mungu na mkono wa serikali."

Sikuinuka. Mke wake aliniletea chai, ikapoa. Watu walikuja na shida zao wakanikuta pale chini, wakarudi. Mwishoni, jua likiwa limeshaingia dirisha la upande wa pili, alivuta karatasi yenye kichwa cha barua cha kanisa, akaandika. Aliandika kwamba baraza limewasikiliza wahusika kwa nyakati mbalimbali, kwamba linaendelea kuwaombea, na kwamba mahakama iendelee kwa busara yake. Akagonga muhuri. Alinipa bila kuniangalia.

Mahakama ya mwanzo iliipokea. Hakimu alikuwa mama wa makamo, alisoma barua, akasoma PF3 na maelezo ya daktari, akamwuliza mume wangu maswali mawili matatu, na baada ya tarehe chache akatoa talaka na kusema mtoto akae na mimi. Nilimfuata binti yangu Manyoni kwa treni. Wakati wa kurudi alilala mapajani kwangu, na pale tulipoanza kuziona tena zile nyika za Bahi nilijikuta naimba sauti ya pili peke yangu, kimyakimya. Tulikaa pamoja pale Zuzu msimu mzima wa mvua. Alijifunza kupika mlenda usiovutika sana, kama anavyoupenda yeye, na akaweka mpangilio wake wa kunisemesha upande wa kulia. Hiyo ndiyo furaha niliyopata katika habari hii yote, nimeiandika yote.

Mume wangu alikata rufaa. Alipata wakili, nadhani watu wa kwaya walimchangia, na wakili hakusema neno lolote kuhusu makofi. Alisimama na ile barua ya mchungaji mkononi, akaisoma polepole, akauliza ni wapi inaposema kwamba baraza limeshindwa. Hakimu wa rufaa naye akaisoma. Uamuzi ulikuwa mfupi. Kwa kuwa barua haithibitishi kwamba baraza lilishindwa kuwasuluhisha, haikuwa hati inayotakiwa na sheria. Mahakama ya mwanzo haikuwa na mamlaka ya kuanza kusikiliza. Kila kilichofanyika kimefutwa. Aliposema "kimefutwa" nilidhani sikusikia vizuri, nikageuza sikio la kulia. Akarudia. Mwenye kutaka anaweza kuanza upya baada ya kufuata utaratibu.

Amri ya mtoto nayo ikafa pamoja na talaka. Mume wangu alikuja kumchukua kwa heshima, na dada yake, na mzee wa kanisa. Binti yangu alifunga kamba za viatu vyake kwa muda mrefu sana.

Nilikonda mpaka mwalimu mkuu akaniandikia likizo. Kisha msichana mmoja wa msaada wa kisheria, kijana kuliko wadogo zangu, akaniita kwenye ofisi yao ndogo mjini. Alikuwa amesoma jalada langu lote. Akasema sheria ina kamlango ka hali zisizo za kawaida, ambapo mahakama inaweza kukusikiliza bila baraza. "Lakini wewe ulishakwenda barazani, likakaa, tena mara nyingi. Watasema iliwezekana." Akakwaruza meza kwa ukucha. "Kuna njia nyingine labda. Sikuhakikishii. Kata walikukatalia kwa sababu nyie wawili ni wa jumuiya moja."

"Ndiyo."

"Ukihama hilo kanisa, hamtakuwa wa jumuiya moja."

Nilimwelewa, nikasema sijamwelewa, ili aseme tena.

Nilikwenda kwanza kijijini kwa mama. Nilimkuta anapeta uwele uani. Nikamweleza. Hakusimamisha ungo. Aliuliza kwa Kigogo, "Utahamia kwa nani?" Nikasema kwa yeyote, ni karatasi tu, Mungu anajua. Alisema, "Mimi sikubatizwa kwa karatasi." Baadaye sana, tukiwa tumeshakula, akasema niende nikafanye, ila nisimwambie siku.

Mchungaji alinipokea amesimama. Nilimwambia nataka nitolewe kwenye kitabu cha washarika na nipewe barua ya kuthibitisha. Nilitegemea atabisha. Nilikuwa nimejiandaa kukaa sakafuni tena. Yeye alikwenda kabatini, akatoa kitabu, akalipata jina langu, akapitisha mstari kwa rula. Akaandika barua mistari minne, akagonga muhuri. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nililia kwa namna ambayo sikuwahi kulia mbele ya baraza, nikamwambia, "Kumbe hii ilikuwa rahisi." Akajibu, "Hii siyo rahisi," na kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika, ingawa sijui alimkasirikia nani.

Kata wamepokea barua. Wamemwandikia mume wangu wito. Mara ya kwanza hakufika, alikuwa safarini. Mara ya pili wakili wake alileta maelezo kwamba mimi nimehama kanisa kwa hila ili kukwepa baraza halali, na mwenyekiti akaomba muda wa kuuliza wanaojua sheria. Ndipo tulipo. Jumapili asubuhi nafua, napanga daftari za watoto, nazipanga tena. Majirani wakipita na vitabu vya nyimbo wananisalimia vizuri, wananiuliza habari za shule.

Shangazi wa binti yangu, kule Manyoni, humruhusu kunipigia simu. Juzi alipiga akiwa na furaha, wamemaliza mafundisho ya kipaimara, atashonewa gauni jeupe, askofu atakuja.

"Baba anasema wewe siku hizi siyo Mkristo."

"Baba yako amekosea."

"Sawa. Utakuja lakini?"

"Nitakuja. Nitapanda treni."

Nyuma yake nilisikia kwato za mbuzi zikigonga zege, na sauti ya shangazi ikimwambia afanye haraka.

"Mwalimu wetu amesema wazazi wanakaa mbele na watoto wao, halafu wote mnakwenda mezani pamoja," alisema. "Wewe utakaa wapi, mama?"

Nilimwambia tutaona tukifika. Akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu alidhani sijamsikia.